Wikiendi na watoto hapa Dar, twende wapi?

mama_wawili: Habarini wapendwa, wanangu wana miaka 3 na 6, wikiendi ni katuni tu, naombeni sehemu wacheze na wajifunze kitu, bei isiwe kubwa.

kaka_sinza: Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo! Kuna nyumba za asili za makabila tofauti, wanaingia mpaka ndani, wangu aligoma kabisa kutoka kwenye msonge.

shangazi_tabata: Makumbusho ya Taifa pale Posta pia, kuna habari za Zinjanthropus, lile fuvu la zamadamu lililopatikana Olduvai 1959, na magari ya zamani ya viongozi, huyo wa 6 atauliza maswali mpaka basi.

mama_wawili: Asanteni sana jamani, jumamosi tunaanza na msonge. Huyu mdogo nimbebee mbeleko?

kaka_sinza: Beba dada, na maji, nendeni asubuhi.