Naomba ushauri: eosinofili (seli nyeupe za damu za mzio) za umio hazishuki kwa omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi)
Wakuu, mgonjwa mtu mzima, chakula kikavu kinamkwama. Endoskopi (kamera ya kuangalia ndani ya umio) ilionyesha pete na mifereji kwenye kuta, bayopsi (vipande vidogo vya kupima) 6, juu na chini ya umio, eosinofili 40 kwa uwanja mmoja wa hadubini (ukuzaji 400, ugonjwa wa uvimbe wa umio wa eosinofili huanzia 15). Omeprazoli miligramu 20 mara 2 kwa siku, wiki 8: bado 35.

Sasa nafikiria budesonidi (steroidi ya kupunguza uvimbe) ya kumeza, miligramu 1 asubuhi na 1 usiku, ichanganywe iwe nzito ishike kwenye kuta. Ikiwa nyepesi inateleza hadi tumboni, kazi bure. Asile wala kunywa nusu saa baadaye.

Kinachonitatiza ni pete: mngetanua umio sasa, au kwanza uvimbe upungue? Na fangasi za umio, ambazo steroidi hii inaweza kuleta, mnazifuatiliaje?