Nyumbani mnasikilizaje muziki? Redio yangu inavuma tu, maneno siyasikii

pweza_mkavu

Wakuu habari za humu, naombeni msaada maana nimechoka. Miaka yote nilikua nasikilizia muziki kwenye simu, naiweka mezani inapiga huku naendelea na mambo yangu. Sasa juzi kati nimenunua redio yenye spika mbili na sabufa yake, nikajua leo ndo nitausikia muziki wenyewe. Sabufa nimeisukumia kwenye kona nyuma ya kochi isichukue nafasi, spika moja iko juu ya kabati, nyingine iko chini pembeni ya tv kwa sababu waya haukufika. Matokeo yake kila wimbo ni vuuuu, mwimbaji namsikia kama yuko chumba cha pili, nikipunguza sauti bezi yote inapotea, nikiongeza madirisha yanatetemeka. Mke wangu anasema bora hata simu na kusema kweli nashindwa kumbishia. Je shida ni redio yenyewe au nilivyoifunga? Na nyie wenzangu majumbani mnasikilizaje?

kona_nne

Mkuu usiirudishe hiyo redio dukani, toa kwanza sabufa kwenye kona. Bezi haiendi mbele peke yake, inasambaa pande zote, sasa ukiibana kwenye kona zile kuta mbili na sakafu zinairudisha yote kwako kwa pamoja, ndo hiyo vuuu unayoisikia, inafunika kila kitu mpaka mwimbaji.

Njia ninayotumia mimi ni hii, inaonekana ya ajabu ila inafanya kazi. Sogeza kochi kidogo uweke sabufa pale pale unapokaaga, piga wimbo ambao gitaa la bezi linatembea, linapanda na kushuka, halafu wewe zunguka chumba ukiwa umeinama kichwa kiko karibu na sakafu. Kuna sehemu utakuta bezi imejaa kupita kiasi, kuna sehemu haipo kabisa, na kuna sehemu kila noti inasikika sawa na mwenzake. Hapo unaposikia noti zote sawa ndo uipeleke sabufa, wewe rudi kwenye kiti chako.

Na hizo spika mbili ziweke usawa mmoja kaka, hata kama itabidi ununue waya mrefu. Ile twita, kispika kidogo cha juu, inatoa sauti nyembamba na sauti nyembamba inakwenda moja kwa moja kama tochi, ikiwa juu ya kabati inamulika dari. Iwe usawa wa masikio yako ukiwa umekaa, na umbali kati ya spika na spika uwe kama sawa na umbali wa kutoka kila spika mpaka ulipo wewe.

waya_mwekundu

Naunga mkono hapo juu ila kabla hujahamisha kochi angalia waya nyuma ya spika. Mimi nilikaa karibia mwaka mzima na redio ambayo fundi aliifunga spika moja kinyume, waya mwekundu kwenye tundu jeusi na mweusi kwenye jekundu. Inapiga vizuri tu, hakuna kilichoungua, kwahiyo huwezi kushtuka, ila spika moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, sauti nzito zinauana zenyewe kwa zenyewe na mwimbaji anakua hana mahali, mara kushoto mara kulia mara kama yuko nyuma yako. Nilikua naongeza bezi kwenye ekwalaiza, sehemu ya kupandisha na kushusha bezi na sauti nyembamba, kila siku nikidhani spika ni dhaifu.

Kujua ni rahisi, kaa katikati ufumbe macho. Mwimbaji anatakiwa asikike katikati kabisa, palepale ambapo hakuna spika yoyote. Kama humpati hapo, zima redio kwanza halafu geuza waya wa spika MOJA tu, ukigeuza zote mbili unakua hujafanya kitu. Siku niliyogeuza nilikaa sakafuni nikarudia wimbo uleule mara nne, niliumia sana kukumbuka miezi yote ile.

usiku_mwema

Hilo la bezi kupotea ukipunguza sauti silo kosa la redio ndugu yangu, ni masikio yetu yalivyoumbwa. Watafiti wawili, Fletcher na Munson, walilipima tangu 1933, sauti ikiwa ndogo sikio linapoteza zaidi zile nzito kuliko za kati. Ndo maana redio nyingi za zamani zilikua na kitufe kimeandikwa loudness, unakibonyeza ukisikiliza kwa sauti ndogo, kinarudisha bezi. Angalia kama yako inacho, kama haina ongeza bezi kidogo usiku na asubuhi uirudishe.

Mimi nina watoto wadogo kwahiyo spika kwangu ni mchana, wakishalala nahamia hedifoni, kubwa za kufunika sikio lote. Ila hapa naomba tuwe makini jamani, hedifoni haikuambii kama umezidisha, hakuna jirani wa kugonga mlango. Shirika la Afya Duniani wanasema desibeli 80 (kipimo cha ukubwa wa sauti) unaweza kusikiliza saa 40 kwa wiki, ila ukifika 90 ni saa 4 tu kwa wiki nzima, sio kwa siku. Ukivua hedifoni masikio yakawa yanalia ngiii ujue ulishapita zamani.

Kingine angalia na mafaili unayopiga. Yale ya mp3 ya kbps 128, yaani yaliyobanwa sana ili yawe madogo, yanakula kama MB moja kwa dakika, kwenye simu ulikua huoni tofauti ila kwenye spika nzuri matoazi yanasikika kama maji yanamwagika. Na kama unasikilizia kwenye programu ya intaneti ingia kwenye mipangilio, mara nyingi inakua imewekwa ubora wa chini ili kuokoa bando na mtu hajawahi kugusa.

upande_wa_pili

Wenzangu wamemaliza mambo ya waya, mimi nitasema la kukaa. Nimekulia kwenye santuri, upande mmoja dakika kama 20 na kitu, ikiisha unainuka unageuza. Huwezi kuruka wimbo ovyo, kwahiyo unausikia hata ule usioupenda, na mingi ya hiyo ndo nimekuja kuipenda baadae. Siku hizi sina tena ile mashine, natumia spika moja ya Bluetooth, lakini nimebaki na ile tabia, jioni nachagua albamu moja, simu naiweka kifudifudi, sifanyi kingine mpaka nusu yake iishe. Kuna wimbo nilikua naupiga miaka nikifua nguo, siku nilipokaa nao nikasikia mpiga gitaa anavyotelezesha vidole kwenye nyuzi kabla ya kupiga, kikwaruzo kidogo tu, na mwimbaji anavuta pumzi. Vilikuwepo siku zote.

Kwahiyo pweza rekebisha redio, lakini na kiti pia kiwepo.

pweza_mkavu

Wakuu nimerudi. Waya ulikua sawa, ila sabufa nimeihamisha kwa ile njia ya kona_nne, imeangukia ukuta wa pembeni karibu na mlango, sehemu ambayo nisingeifikiria kabisa, na spika zote mbili sasa ziko juu ya stuli. Ule mvumo umeisha. Jana usiku tumekaa na mke wangu, nikapiga wimbo anaoupenda tangu hatujaoana, katikati akaniambia nisimamishe nirudishe nyuma kidogo, kumbe kuna sauti ya mwanamke inaitikia chini chini kwenye kiitikio na wote hatujawahi kuisikia. Tumeirudia mpaka saa sita. Asanteni sana, kitufe cha loudness hakipo ila bezi nimeongeza kidogo kama ulivyosema dada.