Ushauri: Je, nimnunulie mwanangu jezi ya kwotabeki mwingine wa Cleveland?

Mleta mada (Cleveland, Ohio)

Ndugu wana jukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni mzaliwa wa Tanga na huu ni mwaka wangu wa kumi na tano hapa Cleveland. Naomba ushauri kuhusu jambo ambalo huenda mkaliona dogo, ingawa nyumbani kwangu ni kubwa. Mwanangu wa kiume anatimiza miaka 13 mwezi ujao na ameomba zawadi moja tu: jezi namba 12 ya Cleveland Browns, yenye jina la Shedeur Sanders mgongoni.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu wa Kimarekani (American football), kwotabeki ndiye anayeupokea mpira karibu kila shambulizi linapoanza na kuamua, ndani ya sekunde mbili tatu huku majitu yakimkimbilia, autupe kwa nani. Klabu ya awali ilihamishiwa Baltimore baada ya msimu wa 1995, Browns wakarudi uwanjani mwaka 1999, na tangu mwaka huo Sanders ni kwotabeki wa 42 kuanza mechi. Katika msimu wa 2025 peke yake walianza watatu: Joe Flacco, Dillon Gabriel, kisha yeye.

Kabatini mwa mwanangu zimo jezi mbili. Moja ni namba 6 ya Baker Mayfield, niliyomnunulia akiwa chekechea. Tarakimu zimeanza kubanduka pembeni na haimpiti tena mabegani, lakini hataki niigawe. Nyingine ni namba 4 ya Deshaun Watson, aliyoletewa na mjomba wake mwaka 2022, ambayo ameikunja na kuifukia chini ya nguo za baridi. Nahofia kumtundikia ya tatu ambayo nayo itageuka kumbukumbu ya mtu aliyeondoka. Tena ananiuliza kwa nini timu yetu haipati kwotabeki wa kudumu, nami sina jibu linaloniridhisha.

Mkongwe wa Columbus

Kaka, mwanao ameuliza swali ambalo mji mzima unaliuliza. Anza kumsimulia kwa Tim Couch, aliyeteuliwa wa kwanza kabisa miongoni mwa chipukizi wa 1999, katika uteuzi wa kila mwaka ambamo klabu huchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni. Alikabidhiwa timu iliyoundwa upya, isiyo na safu ya kumkinga, na msimu huo wa kwanza aliangushwa na mpira mkononi mara 56. Hebu fikiria kijana aliyetoka chuoni juzi anabamizwa chini mara 56, halafu tunamlaumu kwamba anatupa mpira kwa woga.

Baada yake klabu ikawa inaokota jina na kulitupa. Brady Quinn mwaka 2007, Brandon Weeden mwaka 2012 na Johnny Manziel mwaka 2014 wote waliteuliwa katika nafasi ya 22, na hakuna hata mmoja aliyedumu. Mwaka 2017 DeShone Kizer aliwatupia wapinzani mipira 22 katika msimu ambao timu ilipoteza mechi zote 16. Wengi husema ni laana. Mimi siamini laana, kwa sababu kila nikimfuatilia mmoja wao nakuta kocha aliyemchagua alifukuzwa kabla kijana hajauelewa mfumo wake, na kocha mpya akaja na mfumo mwingine na mtu wake mwingine.

Mwalimu wa Minnesota

Nakubaliana na mkongwe, na ninaongeza kwamba mfano ulio wazi kuliko yote ni Mayfield. Aliteuliwa wa kwanza mwaka 2018, na usiku wa Septemba alipoingia dhidi ya Jets kumpokea Tyrod Taylor aliyeumia, timu ilishinda kwa mara ya kwanza baada ya mechi 19. Katika misimu mitatu ya mwanzo alifundishwa na makocha wakuu wanne, na bado Januari 2021 aliwafunga Pittsburgh 48 kwa 37, ushindi wa kwanza wa klabu katika hatua ya mtoano tangu irejee. Msimu uliofuata alicheza akiwa na bega la kushoto lililoumia, kiwango kikashuka, nao wakaona hafai. Leo yuko Tampa Bay, na katika msimu wa 2024 alitupa pasi 41 za kufunga. Kwa hiyo, ndugu yangu, Cleveland walikwisha kumpata kwotabeki, wakashindwa kumvumilia mwaka mmoja wa maumivu.

Walinganishe na klabu ya Green Bay. Aaron Rodgers aliteuliwa mwaka 2005 akakaa nyuma ya Brett Favre hadi 2008. Jordan Love aliteuliwa mwaka 2020 akakaa nyuma ya Rodgers hadi 2023. Kijana anapewa miaka mitatu ya kutazama, kusoma na kukosea mazoezini ambako hakuna anayemzomea.

Mama wa Wawili

Mimi nina neno kuhusu ile jezi iliyofukiwa. Machi 2022 klabu ilitoa haki tatu za kuteua chipukizi katika raundi ya kwanza pamoja na nyingine ili impate Watson, ikampa mkataba wa dola milioni 230 kwa miaka mitano, fedha zote zikiwa za uhakika hata akiumia, wakati wanawake zaidi ya 20 walikuwa wamemfungulia kesi za madai ya unyanyasaji wa kijinsia, madai aliyoyakana. Alifungiwa mechi 11, na baadaye akaumia bega, kisha kano ya kisigino. Kijana wa miaka 13 anayaelewa hayo kuliko tunavyodhani, na kama ameificha jezi hiyo mwenyewe, usimlazimishe kuieleza, ila mkae siku moja mzungumze. Haraka ya kutafuta mtu mmoja wa kuokoa timu iliwafanya wakubwa wale wafumbie macho jambo ambalo mtoto ameliona.

Kuhusu zawadi, mpe aliyoiomba. Sanders aliteuliwa wa 144, raundi ya tano, baada ya klabu hiyo hiyo kumchukua Gabriel katika nafasi ya 94, na hata hivyo alipoanza mechi yake ya kwanza mwezi Novemba, alishinda ugenini Las Vegas. Mtoto ameona mtu aliyepuuzwa akisimama, na hilo si jambo la kumkatalia.

Mkongwe wa Columbus

Dada amesema vyema. Nina pendekezo la nyongeza: mtafutie pia namba 73 ya Joe Thomas. Aliteuliwa mwaka 2007, siku ile ile ya Quinn, na badala ya kwenda kwenye sherehe ya uteuzi New York kuvaa suti mbele ya kamera, alikuwa ndani ya boti na baba yake wakivua samaki katika Ziwa Michigan. Alicheza Cleveland maisha yake yote hadi 2017, mashambulizi 10,363 mfululizo bila kutoka uwanjani, akiwakinga makwotabeki 20 tofauti.

Mleta mada

Nawashukuru sana. Jana jioni tulikaa mezani na mwanangu nikamsomea majibu yenu yote. Kisa cha boti alitaka nikirudie. Kuhusu Watson alinyamaza kwanza, kisha akasema kwamba rafiki yake wa kike shuleni alimuuliza kwa nini anaivaa jezi ile, naye akakosa la kusema; tulizungumza hadi saa nne usiku. Namba 73 ameipokea kwa furaha na tutaitafuta. Namba 12 bado anaitaka, ila ameomba iwe kubwa kwa saizi mbili, kwa maelezo kwamba kama Green Bay husubiri miaka mitatu, basi na yeye anataka jezi itakayomtosha akiwa na miaka 16. Nimeiagiza leo asubuhi.