Nimlazimishe mwanangu kumsoma Superman wa 1938?

Baba Tausi:
Habari za jioni wakuu. Kijana wangu ana miaka 11 na filamu za Superman kaziangalia mpaka kazikariri. Nikampatia nakala iliyochapishwa upya ya Action Comics namba 1, jarida la katuni la 1938 alimoanzia Superman, ile ya kunyanyua gari la kijani juu ya kichwa. Hata nusu hakufika, akaniuliza, "Baba, mbona haruki?" Akaiacha mezani. Nimeisoma mwenyewe naona hana kosa. Ukurasa wa kwanza sayari imelipuka na mtoto kashakua. Wa pili jamaa anakimbia usiku kabeba mwanamke aliyefungwa kamba, wala hatuambiwi kafanya nini. Nimkazanie, au kitu hiki kimeshachuja?

Kalamu Nyeusi:
Mkuu, mwambie anaruka! Ila anaruka kama panzi, si kama ndege. Humo imeandikwa waziwazi: kama mita 200 kwa mruko mmoja, au jengo la ghorofa 20. Kupaa kulikuja baadaye.

Hiyo kuanza katikati ina kisa chake. Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa Cleveland, waliichora iwe katuni ya magazetini, vipande vichache kwa siku, na magazeti yakaikataa. Alipopatikana mchapishaji wa kuiweka kwenye jarida, wakakata vipande vyao na kuvibandika upya vikawa kurasa 13. Mwanzo ukabaki nje. Ulirudishwa kwenye Superman namba 1 ya 1939, ndipo unajua yule mwanamke alikamatwaje. Mtafutie hiyo.

Mama Watatu:
Mimi nilisoma na binti yangu. Michoro migumu, nyuso zote ndugu moja. Lakini Lois, yule mwandishi wa gazeti anayefanya kazi na Clark (ndiye Superman akijificha)! Jambazi anamlazimisha kucheza muziki, anamzaba kofi na kuondoka zake, huku Clark anajifanya mwoga. Usiku uleule anamwambia Clark usoni kwamba anamkwepa kwa sababu ni mwoga. Niliogopa nitakuta mwanamke wa kulialia tu, sikumkuta.

Kuna mume anayempiga mkewe, Superman anambamiza ukutani. Kaa na mtoto mkifika hapo, maana maswali yatakuja.

Mzee wa Magazeti:
Hamjagusa kiini. Angalieni maadui: mpiga mke, wahuni wa barabarani, na mpambe wa wakubwa kule Washington anayemshawishi seneta apitishe muswada utakaoiingiza Marekani kwenye mambo ya Ulaya. Hakuna dubwana hata moja! Ni 1938, Wamarekani wametoka kusota miaka na ajira hakuna. Huyu Superman ana hasira na wenye nguvu, anavunja hata mlango wa gavana kuokoa asiye na hatia asiuawe kwa kiti cha umeme. Wa siku hizi kapigwa pasi mno kwangu.

Mbishi77:
Mzee unaipamba. Toa Superman, jarida lote lililobaki ni la kusinzia. Labda yule mchawi Zatara kidogo. Halafu tusisahau Siegel na Shuster waliuza haki zote za Superman kwa dola 130. Mimi kila nikilishika hilo jarida nakumbuka hiyo hela tu.

Kalamu Nyeusi:
Hapo kwenye dola 130 sina ubishi.

Baba Tausi:
Nashukuru wote. Jana nimebadili mbinu: nikamsomea kwa sauti, yule mpambe nikampa sauti ya mwenyekiti wetu wa mtaa (asinisikie). Superman anambeba akikimbia juu ya nyaya za simu, jamaa analia kwamba watakufa kwa umeme, naye anamjibu kwa utulivu kwamba ndege hutua hapo na hawafi, mradi wasiguse nguzo. Halafu nusura aiguse! Dogo kacheka mpaka mama yake akaja kutazama kuna nini.

Tatizo jipya: hadithi inaishia njiani, na asubuhi hii kabla ya chai kaniuliza namba 2 iko wapi. Mwenye kujua inakopatikana anistue.