Je, mbwa apewe matunda? Mjadala wa wafugaji wa Nyanda za Juu Kusini

Mkulima wa Tukuyu
Salamu kwenu nyote. Naleta hoja ambayo imetugawa majirani wa huku Rungwe tangu maparachichi yalipoanza kudondoka. Jirani yangu, ambaye binti yake anasoma ughaibuni, amepokea kutoka kwake orodha ya vyakula vinavyokatazwa kwa mbwa, na parachichi limeandikwa humo kuwa ni sumu. Sasa anataka kikao cha kitongoji kiamue kwamba kila mwenye mbwa amfunge msimu wote wa mavuno. Mimi nimefuga mbwa tangu ujana wangu, na hakuna hata mmoja ambaye hakula maparachichi yaliyoanguka. Wananenepa na manyoya yao yanang'aa. Wakati mwingine humpa mbwa wangu papai au ndizi mbivu kwa mkono wangu kama zawadi ya ulinzi wa usiku. Naomba wenye elimu waseme: matunda haya ya kwetu yana madhara kwa mbwa, au tunatishwa na karatasi za watu ambao hawajawahi kuuona mparachichi?

Mama wa Ilomba
Ndugu yangu, hoja yako ingekuwa na uzito zaidi kama usingeanza kwa kumkejeli mtoto wa jirani yako. Kusoma ughaibuni si kosa, na orodha haiwi ya uongo kwa sababu imetoka mbali. Nakumbuka kusoma kwamba huko Kenya, miaka ya tisini, kulikuwa na mbwa waliougua moyo kwa sababu ya kula maparachichi, na Kenya si Ulaya. Kwa hiyo usituambie kwamba suala hili wamelibuni watu wasioujua mparachichi.

Kijana wa Soweto, Mbeya
Mimi nashangaa tu kwamba tumefika mahali pa kujadili zawadi za mbwa, wakati parachichi la Hass linapimwa kwa kilo na kupelekwa nje, na mtoto wa mkulima analamba lile lililokataliwa na mnunuzi. Lakini kwa kuwa mjadala umefunguliwa, nasema hivi: mbwa wa kishenzi hana tumbo la kudekezwa. Amekula ugali wa pumba, vichwa vya dagaa na vya jalalani, na bado anabweka. Orodha hizo zimeandikwa kwa ajili ya mbwa wa kizungu wanaolala kwenye kochi. Nimewahi pia kusoma kwamba wanasayansi wamethibitisha kuwa mbwa amebadilika kabisa na anaweza kula chochote anachokula binadamu.

Mtaalamu Mstaafu, Iringa
Kamweneni. Nimefanya kazi ya mifugo kwa muda mrefu, na naomba nijibu kwa utaratibu, kwa sababu kila aliyezungumza ameshika kipande cha ukweli na kukitumia vibaya.

Habari ya Kenya ipo. Ilichapishwa mwaka 1994 katika jarida la utabibu wa mifugo la Onderstepoort, Afrika Kusini, nayo ilihusu mbwa 2 waliokuwa na mazoea ya kula maparachichi na ambao misuli ya mioyo yao ilionekana kuharibika. Waandishi wenyewe waliita sumu hiyo kuwa ni ya kudhaniwa. Mbwa 2 si ushahidi wa kumfunga kila mbwa wa Rungwe, ingawa pia si jambo la kuchekwa.

Kemikali inayolaumiwa inaitwa pesini. Imo kwenye majani, magome, ganda na kokwa, na katika nyama ya tunda lililoiva huwa kidogo zaidi. Wanyama wanaodhurika waziwazi ni mbuzi, farasi, sungura na ndege, na mbuzi anayenyonyesha huvimba kiwele na maziwa yake hupungua. Mbwa huistahimili zaidi. Kwa hiyo, kama kikao cha kitongoji kinataka azimio lenye faida, kingeanza na wale wanaokata matawi ya mparachichi na kuyatupa kwenye zizi la mbuzi.

Hatari ya parachichi kwa mbwa ni mbili, na zote hazitajwi na jirani yako wala na wewe. Ya kwanza ni kokwa, ambalo mbwa mwenye uchu hulimeza zima likaziba utumbo. Mbwa wa namna hiyo hutapika mfululizo, hushindwa kunya, na bila upasuaji hufa. Ya pili ni mafuta mengi, ambayo humletea mbwa asiyeyazoea uvimbe wa kongosho.

Kuhusu mabadiliko ya mbwa, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa, tofauti na mbwamwitu, ana uwezo mkubwa wa kusaga wanga. Hilo linaeleza kwa nini anaishi kwa ugali. Halielezi chochote kuhusu kokwa, na hakuna mahali watafiti waliposema kwamba anaweza kula kila tunachokula sisi.

Kijana wa Soweto, Mbeya
Shikamoo mzee. Nimesoma maelezo yako yote kwa heshima. Swali langu ni moja: tangu lini watu wa Iringa wakajadili mbwa ale nini? Sisi huku Mbeya tulidhani kwenu swali la mbwa na chakula linaulizwa kwa mpangilio mwingine.

Mnyalukolo wa Kihesa
Nilijua utani huo wa kwamba Wahehe hula mbwa utakuja, na nilikuwa nahesabu tu ni nani ataufikia wa kwanza. Kijana, mzee amekueleza kuhusu moyo, kongosho na utumbo, nawe umechagua kuturudishia kichekesho ambacho babu yako alikisema kabla hujazaliwa na hakikuwachekesha Wahehe hata siku hiyo. Mbwa wa Kihehe ni wa kulinda na kuwinda, na tunawajua kuliko unavyodhani.

Kwa kuwa unapenda mambo ya Iringa, nikupe moja lenye maana. Huku kwetu, msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, mbwa hulamba vilivyomwagika vilabuni, na watu hucheka wanapomwona anayumba. Pombe ni sumu kwa mbwa. Humshushia sukari ya damu na joto la mwili, na mbwa mdogo anaweza kufa usingizini. Jambo hilo hilo hutokea kwa maembe na mapapai yaliyoanguka yakakaa juani hadi yakachacha. Tunda lililochacha ni pombe, na lililoota ukungu linaweza kuwa na sumu inayomtetemesha mbwa mwili mzima. Kwa hiyo, mzee wangu wa Tukuyu, swali si mbwa kula tunda peke yake, ni kula tunda la lini.

Mkulima wa Tukuyu
Naona sasa nimeanza kuhesabiwa miongoni mwa walevi. Maparachichi yangu hayachachi, kwa sababu huokotwa kila asubuhi. Nilichouliza ni kama mbwa apewe matunda, na hadi sasa nimejibiwa kuhusu mbuzi, ulanzi na adabu za watoto wa watu.

Mwalimu wa Kyela
Mzee wangu, nikujibu moja kwa moja kwa yale ya bondeni kwetu. Kuelekea Krismasi maembe huku hukanyagwa njiani kwa wingi wake, na mbwa wote wa Kyela huyala. Nyama ya embe haina tatizo. Tatizo ni lile lile la kokwa, na kokwa la embe ni baya zaidi kwa sababu lina nyuzi, ni tamu kulamba, na umbo lake bapa humdanganya mbwa akalimeza. Ganda nalo si la kumpa, kwa kuwa ni gumu kusagika na utomvu wake huwasha hata midomo ya watu.

Lakini mnanishangaza kwamba mnagombania parachichi na kusahau kakao. Sisi ndio wakulima wa kakao, na kila mwezi wa mavuno mbegu zimeanikwa mbele ya nyumba. Ule utando mweupe mtamu ambao watoto wetu huunyonya ndio unaomvuta mbwa, na akianza na utando humalizia mbegu. Ndani yake mna theobromini, ambayo mwili wa mbwa huiondoa polepole mno kuliko wetu. Moyo humwenda mbio, hutapika, hutetemeka, na akizidisha hufa. Hiyo ndiyo chokoleti yenyewe kabla haijatiwa sukari wala maziwa. Kama kuna msimu wa kumfunga mbwa, ni wakati wa kuanika kakao.

Kijana wa Soweto, Mbeya
Kakao si tunda, Mwalimu.

Mwalimu wa Kyela
Njoo Kyela nikuoneshe linavyoning'inia kwenye shina, kisha uniambie ni mzizi.

Mama wa Ilomba
Naomba tusipoteze muda kwa hilo. Nimekuwa nikisubiri mtu ataje ukwaju, na hakuna aliyeutaja, ingawa nusu yetu tunauza au tunakunywa juisi yake. Najua kwamba zabibu, mbichi na kavu, huua figo za mbwa. Hilo linajulikana kwa muda mrefu. Mwaka 2021 wataalamu wa kituo cha sumu za wanyama cha ASPCA, shirika la kutetea wanyama la huko Marekani, walipendekeza kwamba kinachofanya hivyo ni asidi ya tatariki, na mwaka uliofuata zikachapishwa taarifa za mbwa waliopata madhara ya figo yanayofanana baada ya kula ukwaju, ambao una asidi hiyo kwa wingi. Mimi natengeneza juisi, na makapi yake nilikuwa namwaga nyuma ya nyumba ambako mbwa hupita. Sasa nayafukia. Ndugu yangu wa Tukuyu anaweza kuicheka karatasi hii pia, maana nayo imetoka ughaibuni.

Mkulima wa Tukuyu
Mama, sikumcheka binti. Nilisema tu anakosoma. Kama neno hilo limekuchoma kwa sababu una mtoto huko, basi samahani kwa lililokuchoma, lakini sifuti hoja: mtu hawezi kuleta orodha ya nchi nyingine akaifanya sheria ya kitongoji chetu bila kuuliza wanaoishi na mbwa hao.

Mtaalamu Mstaafu, Iringa
Mama amesema kweli kuhusu ukwaju, nami naongeza kwamba kwa zabibu hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mbwa mmoja hula nyingi akapona na mwingine hula chache akafa. Dalili ya kwanza ni kutapika ndani ya siku moja, kisha mbwa hukojoa kidogo au hakojoi kabisa. Hapo ndipo nakataa lile neno la tumbo la mbwa wa kishenzi. Figo za mbwa koko wa Mwanjelwa na za mbwa wa kizungu ni zile zile. Tunaowaona wakibweka ni waliopona. Waliokufa hatukuwapasua kuwaangalia, tulisema wamelishwa sumu na jirani, na ugomvi ukaanzia hapo.

Neno moja kuhusu huduma ya kwanza, kwa sababu najua mtakachofanya. Msimnyweshe mbwa maji ya chumvi ili atapike, kwa kuwa chumvi yenyewe inaweza kumuua. Maziwa nayo hayaondoi sumu. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo mapema, na mchukue alichobakiza ili akione.

Mnyalukolo wa Kihesa
Mzee, na zile njugu za makadamia? Naona miche yake inapandwa na wakulima wetu, na nilisikia kwamba inampooza mbwa.

Mtaalamu Mstaafu, Iringa
Ni kweli kwamba mbwa aliyekula makadamia hulegea miguu ya nyuma, hutetemeka na kupata homa. Wengi hupona ndani ya siku 2, na hadi leo haijafahamika ni kitu gani ndani yake kinachofanya hivyo. Asipewe.

Kijana wa Soweto, Mbeya
Sawa, nimenyamazishwa kuhusu kakao na kuhusu tumbo. Lakini hakuna aliyejibu lile la kwanza nililosema. Mnampa mbwa ndizi na papai kwa ajili ya vitamini, wakati kuna watoto hapa jijini ambao hawajaonja tunda wiki nzima.

Mama wa Ilomba
Hakuna aliyetaja vitamini isipokuwa wewe. Na kama ni vitamini C, mbwa hujitengenezea mwenyewe ndani ya ini lake. Ni mimi na wewe tusioweza. Kwa hiyo hoja yako ingefaa kuielekeza kwa mzee wa Tukuyu, aseme kwa nini anampa.

Mkulima wa Tukuyu
Nampa kwa sababu anapenda, na kwa sababu papai la kwangu halina soko likishaanza kulainika. Watoto wa nyumbani kwangu wameshiba matunda, kijana. Karibu na wako. Ninachotaka sasa ni kiasi. Mbwa wangu ana uzito wa kilo 12 hivi.

Mtaalamu Mstaafu, Iringa
Kanuni inayotumika ni kwamba zawadi za kila aina zisizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata kwa chakula chake cha siku. Kwa mbwa wa uzito huo ni kama nusu ya ndizi mbivu ya wastani, iliyomenywa. Papai limenywe na kutolewa mbegu. Nanasi litolewe ganda na moyo wake mgumu. Tikiti litolewe ganda na mbegu. Parachichi, kipande kidogo cha nyama kwa mbwa aliyezoea hakitamdhuru, ila sioni sababu ya kumpa wakati ndizi ipo. Mbwa mnene au mwenye kisukari asipewe tunda tamu lolote.

Na kwenye kikao, usibishane kuhusu pesini. Pendekeza makokwa yafukiwe, kisha uulize matawi ya mparachichi yanatupwa wapi.

Mkulima wa Tukuyu
Ndaga, mzee. Matawi hutupwa zizini kwa jirani mwenye orodha.