Mtu akitoka hospitali ya akili ya Mirembe, jina lake lipelekwe kwa balozi na polisi?

Wadau wa Moshi, naomba tulijadili hili bila jazba. Kwenye kikao cha mtaa wetu mzee mmoja alisimama akataka kila anayerudi kutoka hospitali ya wagonjwa wa akili jina lake lifikishwe kwa balozi na polisi jamii, eti "hao ndio wanaokamatwa kila siku". Watu wakapiga makofi. Mimi nina mdogo wangu aliyelazwa Mirembe miezi mitano, na makofi yale yaliniuma.

Hoja ya kukamatwa si ngeni. Huko Marekani ilionekana kweli kwamba waliotoka hospitali hizo wanakamatwa kuliko raia wengine. Lakini mtafiti Henry Steadman na wenzake, waliochapisha utafiti wao wa jimbo la New York mwaka 1978, waliwatenganisha waliokuwa na rekodi ya kukamatwa kabla ya kulazwa na wasiokuwa nayo. Wasiokuwa nayo hawakukamatwa kuliko raia wa kawaida. Mwaka 1998 Steadman, na wenzake wengine, akatoa utafiti mwingine: wagonjwa walioruhusiwa kule Pittsburgh walilinganishwa na majirani zao wa mitaa ileile. Mgonjwa asiye na tatizo la ulevi wala dawa za kulevya hakuwa na vurugu kuliko jirani asiye nalo. Ulevi ulizidisha vurugu kwa wote, wagonjwa na majirani.

Halafu kukamatwa si kuhalifu. Mdogo wangu alichukuliwa na mgambo saa tatu usiku, amesimama kwenye kibaraza cha duka anahesabu vigae kwa sauti. Uzururaji, wakasema. Asubuhi nilimkuta sakafuni, kiatu kimoja mguuni, akaniuliza kama nimemletea vidonge vyake. Kwenye daftari naye ni mkamatwa. Aliiba nini?

Sikatai kwamba wapo wagonjwa waliowahi kuua au kujeruhi. Hao hupitia mahakamani, na taasisi ya Isanga pale Dodoma ipo kwa ajili yao. Kama mnataka orodha, tuanze na vilabu vya gongo, maana kila mtu mtaani anavijua.

Mnaounga mkono, nijibuni. Kuku wa jirani akipotea, nani atagongewa mlango wa kwanza? Na yule aliyefungwa kwa wizi lakini hajaugua akili hata siku moja, mbona jina lake hamkuliomba?