Naomba ushauri: kamera ya dukani imegeuka yenyewe

Wakuu, salaam. Nina duka la vipuri vya pikipiki hapa Ngamiani, Tanga. Miezi miwili nyuma nilifungiwa kamera mbili za waifai, zile za bei chee zinazozunguka, niwe naangalia duka kwa simu nikiwa nyumbani Makorora.

Juzi saa nane usiku nafungua simu, nakuta ya kaunta imegeukia droo ya hela. Kijana wa dukani anaapa hajaigusa. Mke wangu anasema ni majini (Tanga bwana!), ila mimi namwogopa zaidi binadamu.

Fundi aliacha nywila ya kiwandani, nami sikuibadilisha. Ndipo nikasoma kwamba mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta nyingi mno kwa kujaribu tu nywila za namna hiyo, kisha zikatumika kuielemea kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikielekeza simu na kompyuta za watu kwenye tovuti wanazozitaka, hadi Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa wengi. Kumbe kirusi chenyewe kilifutika ukizima kifaa, ila kilirudi upesi usipobadilisha nywila.

Nimezichomoa zote. Je, nikirisiti na kuweka nywila mpya inatosha? Simu ya uwakala wa pesa inatumia waifai hiyohiyo, na hapo ndipo moyo unanidunda. Nikizihamishia kamera kwenye waifai ya wageni ya ruta (ule mtandao wa pembeni uliotengwa na waifai kuu), simu itasalimika?

Mwenye kumjua fundi wa uhakika hapa mjini anielekeze. Yule wa kwanza hapokei tena simu zangu.